Nenda Ukale Barabarani, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo, na mamako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma. Unasema likizo umepewa mwezi mzima, akiba unayo, na mpishi mkuu wa hapo hotelini kwenu Nairobi anakushauri uende Ulaya ukachukue kozi fupi. Lakini roho yako inakupeleka India, ukazunguke kwenye mikokoteni ya chakula. Ukaniuliza mambo mawili. Huko barabarani utajifunza nini ambacho simu haikuonyeshi? Na ukirudi ukakipika, utajuaje kama ni chako au umekiiba?

Nenda India. Kozi haitakimbia. Mimi, kama ujuavyo, nilikuwa mpishi wa meli, na kila tulipotia nanga Mumbai au Kolkata nilishuka kwenda kula walikokula makuli wa bandarini. Nakujibu kwa niliyoyaona huko.

Anza na bhel, jioni, ufukweni Chowpatty jijini Mumbai. Kwenye simu utapata orodha: bisi za mchele, sev (zile tambi nyembamba za unga wa dengu unazozijua kwenye chevda), viazi vya kuchemsha, kitunguu, embe bichi, chatne ya dania na pilipili mbichi, chatne ya ukwaju na tende. Ukiisoma hiyo orodha utadhani ni kachumbari tu. Sasa simama ubavuni mwa mchuuzi umtazame. Vikavu vinaingia kwanza. Chatne zinaingia mwisho, na zikishaingia hakuna kusubiri: anageuza mara chache, anamimina kwenye karatasi, ananyunyiza sev na dania juu, anakupa. Bisi zikikaa kwenye ukwaju dakika chache tu zimelainika zote, na hakuna mteja atakayezila. Kwa hiyo kazi yake yote ya mchana, kuchemsha na kusaga na kukatakata, imepangwa kwa ajili ya hizo dakika. Sisi wa melini, na nyinyi wa hotelini, tunafanya kinyume chake. Chungu kinaiva, kinawekwa mahali pa moto, kinangoja watu.

Niliporudi jikoni mwangu sikupika bhel. Ningezipata wapi bisi za mchele katikati ya bahari? Nilichofanya ni kuanza kuweka vitu pembeni: vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, karanga zilizopondwa, ndimu, embe bichi tukiwa nalo, vyote vya kutiwa wakati wa kupakua. Maharagwe yalikuwa yale yale na mabaharia wale wale wanaonung'unika, ila masufuria yakaanza kurudi matupu. Hilo simu haikuonyeshi, kwa sababu picha inapigwa chakula kikiwa tayari.

Kisha kale pani puri, na uile katika zaidi ya mji mmoja. Ni kigamba chembamba cha unga kilichokaangwa kikavimba. Mchuuzi anakitoboa kwa kidole gumba, anatia mjazo, anakichovya kwenye maji ya nanaa, ukwaju, bizari nyembamba ya kukaangwa na chumvi nyeusi, ile yenye harufu kama ya yai. Unakitia chote kinywani kwa mara moja. Mumbai mara nyingi utawekewa mbaazi nyeupe za moto, na chatne tamu. Kolkata wanaiita puchka, ndani mna viazi vilivyopondwa pamoja na dengu nyeusi nzima, maji yake ya ukwaju ni makali, na utamu hawautaki. Delhi ni golgappa. Kila mji utakuapia kwamba kwingine kote wanakosea. Mimi niko upande wa Kolkata, lakini usinifuate.

Mtazame mchuuzi wa pani puri akiwa amezungukwa na watu sita. Anampa kila mmoja kimoja kimoja kwa zamu. Anajua nani amekula vingapi, nani anataka pilipili, nani hataki tamu, na haandiki popote. Mumbai, ukishamaliza, unapewa kimoja kikavu bila malipo, na ukikisahau yeye hakisahau. Jiulize hapo hotelini kwenu ni nani anayemwona mgeni usoni anapoonja. Mpishi wa barabarani anauona uso kila mara, na anarekebisha chumvi hapo hapo.

Sasa swali lako la wizi, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Chukua vada pav, chakula ambacho mtu wa Mumbai atakuambia ndicho Mumbai yenyewe. Ni kiazi kilichopondwa na pilipili mbichi, kitunguu saumu, manjano na haradali, kikachovywa kwenye uji wa unga wa dengu, kikakaangwa, kikatiwa ndani ya mkate pamoja na chatne kavu ya kitunguu saumu na nazi. Wengi wanasema aliyeanza ni mchuuzi aitwaye Ashok Vaidya, nje ya stesheni ya Dadar, mwaka 1966. Walaji wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo wanaokimbilia treni. Januari 1982 wafanyakazi hao wakagoma, mgomo ukavuta zaidi ya mwaka, viwanda vingi havikufunguka tena, na baadhi ya walioachwa bila kazi wakageukia kuuza hicho hicho walichokuwa wakikinunua. Lakini kivunje uone. Mkate uliletwa na Wareno. Kiazi na pilipili asili yake ni Amerika, navyo pia vilifika kwa majahazi ya Wareno. Katika kitu hicho cha Mumbai kabisa, nusu imetoka ng'ambo ya bahari. Kilichokifanya kiwe cha Mumbai ni yule mtu wa kiwandani mwenye dakika kumi na pesa kidogo.

Na huku kwetu? Viazi karai unavyovijua tangu utotoni, unga wake ni wa nani? Urojo wa Unguja una bhajia, una kachori, una ukwaju, halafu una muhogo uliokatwa ukakaangwa na chatne ya nazi, na hakuna Mhindi wa India atakayeutambua kuwa ni wake. Ukifika London, nenda Ealing Road kule Wembley. Kuna mkahawa wa bhajia, Maru's, ulioanza mwaka 1976, wa familia iliyotoka Kenya. Wanauza bhajia za viazi vilivyokatwa vyembamba, kwa mtindo wa Nairobi. Chakula kilitoka India kikaja kwetu, kikabadilika, kikaenda Uingereza na jina jipya. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alipika kwa alichokipata sokoni na kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Kinachoniudhi mimi ni mpishi anayekaa mji mmoja kwa wikendi, akarudi akaandika kwenye menyu yake "uvumbuzi wa mpishi mkuu". Wewe andika ulikokitoa. Andika mji, na mtaa ukiujua. Mgeni hatakudharau.

Meherwan Irani, aliyekulia Ahmednagar huko Maharashtra, alifungua mkahawa wake Chai Pani mwaka 2009 katika mji wa Asheville, North Carolina, akawauzia Wamarekani chakula cha barabarani akikiita kwa jina lake la Kihindi. Mwaka 2022 mkahawa huo ulipewa tuzo ya James Beard, ile ya mkahawa bora wa nchi nzima. Gaggan Anand, mzaliwa wa Kolkata, alipita njia nyingine kule Bangkok: alikuwa akikupa kidonge cha mtindi kinachopasuka kinywani, na aliyekulia kwenye pani puri anajua mara moja kilikotoka. Mkahawa wake uliongoza orodha ya mikahawa 50 bora ya Asia miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018. Mmoja aliacha chakula kama kilivyo, mwingine akachukua ule mpasuko peke yake. Zote ni njia halali. Wewe nakuona ni wa njia ya pili, maana tangu zamani huwezi kuacha kitu kama kilivyo.

Kuna kimoja ninachotaka ukitafute hasa. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya huko India, hawali vitu vinavyong'olewa ardhini: vitunguu, viazi, vitunguu saumu. Pav bhaji ndiyo mboga ya viazi na nyanya inayopondwa kwa siagi nyingi kwenye tawa kubwa la chuma, mchuuzi akigonga mwiko wake mpaka unasikika mtaa wa pili. Mjaini ataila vipi? Wachuuzi wakatoa kiazi wakatia ndizi mbichi, na kitunguu wakakiacha. Hakuna aliyetaka kuvumbua kitu, mteja tu alisimama pale akasema hiki mimi sili. Ndizi mbichi, mwanangu! Tunazo hapa sokoni Kongowea mikungu kwa mikungu, nasi tunajua kuzipika kwa nazi na kuzikaanga, basi. Ile ya barabarani Mumbai ina siagi na bizari. Tukiitilia tui badala ya siagi itakuwaje? Hilo nimekuwa nikiliwaza siku nyingi.

Pia Kolkata, usipite bila kula egg roll. Ni paratha, chapati yao ya matabaka, iliyokaangwa na yai juu, ikaviringishwa na vitunguu na ndimu. Utacheka, kwa sababu utaikumbuka rolex ya Kampala, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Na kama una siku za ziada, panda treni mpaka Kachchh kule Gujarat, ufike mji wa Mandvi, ambako majahazi ya mbao yanaundwa hadi leo kando ya mto na ndiko zilikotoka familia nyingi za Kihindi za Mombasa na Unguja. Kula dabeli: kiazi chenye bizari yake, karanga, punje za komamanga, ndani ya mkate uliochomwa kwa siagi. Komamanga kwenye kiazi! Mimi nisingethubutu.

Mambo ya mwili sasa. Kula penye foleni, kula kinachotoka kwenye mafuta mbele ya macho yako. La kuogopa ni maji ya pani puri, kwa hiyo tafuta anayetumia maji ya chupa, wapo. Matunda yaliyokatwa yakakaa wazi, achana nayo. Usiende kipindi cha joto la Mei. Novemba hadi Februari ni pazuri, na Delhi wakati wa baridi utapata daulat ki chaat, povu la maziwa ambalo msimu mwingine halipo. Likizo ikiangukia Ramadhani, nenda Mohammed Ali Road pale Mumbai baada ya magharibi, uwe hujafuturu kitu kikubwa.

Usiwaulize wachuuzi kipimo, watakuambia uongo kwa heshima. Nunua, kula, kesho yake rudi kwa yule yule, nunua tena, kisha omba kusimama upande wake. Na beba daftari. Simu iache mfukoni mpaka uwe umekula.

Mpishi mkuu wako mwambie kwa adabu kwamba Ulaya utakwenda mwaka mwingine. Ukirudi, shuka Mombasa kwanza kabla ya Nairobi tujaribu ile ndizi. Tawa langu la melini bado ninalo. Mamako amekubali kuonja, ila anasema pilipili utie nusu ya ile utakayotaka kutia.

Ni mimi babako.