Muulize Maalim: Ruzuku ya sayansi ya anga hupimwa vipi?

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Nimo katika kamati inayodhamini vijana wa chuo wanaosoma fizikia na upimaji ramani. Mwaka huu nimetwishwa kuandika tathmini. Nilizonazo ni karatasi za mahudhurio, picha za semina na risiti za nauli ya boti. Nasikia Wamarekani wana mpango mkubwa wa namna hii. Wao hutazama nini? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Picha za semina ziweke kando. Kwenye picha kila mtu huonekana kafahamu.

Mpango uliousikia ni Space Grant wa NASA, shirika la anga la Marekani. Bunge la Marekani liliupitisha mwaka 1987, ukaanza kazi 1989. Leo una miungano 52 ya vyuo: majimbo yote 50, mji mkuu Washington na Puerto Rico. Kila muungano huamua wenyewe fedha ziende kwa wanafunzi gani, utafiti gani, skuli zipi. Ndiyo maana kuupima ni kazi, kwani Alaska na Florida hazina haja moja, na ukihesabu vichwa tu jimbo dogo litaonekana limelala.

La kuiga kwao ni hili: mwanafunzi aliyepewa msaada wa maana hufuatiliwa baada ya kumaliza, ijulikane kaingia kazi gani au anaendelea na masomo gani. Kwangu mimi hilo halitoshi. Nyinyi mnachagua wenye alama nzuri, na mwenye alama nzuri huenda angefika hata bila senti yenu. Basi lifungueni faili la maombi, mtazame waliokosa. Mchukue aliyepata kwa taabu na aliyekosa kwa alama moja au mbili. Hao walikuwa sawasawa siku ile. Wapigie simu wote. Wakiwa wamefika pahala pamoja, fedha zenu zimefanya kidogo, na uliandike hivyo hivyo hata mwenyekiti akinuna.

Wala usiulize nani kawa mwanaanga. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwemo. Anayeweza kuisoma picha ya setilaiti akakwambia mikoko imepungua wapi, huyo mhesabu.

Jengine, ambalo wafadhili hawalipendi. Unguja iliwahi kuwa na kituo cha Wamarekani kilichofuatilia safari ya mwanaanga wao John Glenn mwaka 1962. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Kwa hiyo uliza: ruzuku ikikatika, vifaa vitabaki kwa nani, na nani atajua kuvitumia?

Na kama ulikuwemo katika kuwachagua hao vijana, simu usizipige wewe. Mtafute mtu wa Wete au wa Mkoani asiyejuana nao. Wewe watakushukuru tu.