Haidrojeni kwenye mashine ya kromatografia: majibu ya maswali yenu

Nabadilisha kolamu (bomba jembamba linalotenganisha kemikali za sampuli) kwa dakika tano tu. Lazima nifunge haidrojeni?

Lazima, tena kabla hujashika spana. Kigunduzi cha mwali, kinachounguza kinachotoka kwenye kolamu ili kukipima, hupitisha haidrojeni kama mililita 30 hadi 40 kwa dakika. Ukitoa kolamu na kuacha tundu lake wazi, gesi hiyo yote huingia ndani ya tanuri linalopasha kolamu joto. Piga hesabu: tanuri la lita 14 lililofungwa, mililita 40 kila dakika. Baada ya dakika 14 zimeingia mililita 560, yaani asilimia 4, na hapo ndipo haidrojeni huanza kuweza kushika moto hewani. Cheche ndogo kabisa inatosha.

Poza tanuri, funga haidrojeni ya kigunduzi na ile inayobeba sampuli, kisha legeza nati. Kolamu mpya isipofungwa siku hiyo hiyo, ziba tundu kwa nati butu, isiyo na tundu. Na kuzima umeme si kuzima gesi: kwenye mashine za vali za mkono, haidrojeni huendelea kutiririka huku skrini ni nyeusi. Ukiikuta hivyo, usiwashe chochote. Funga silinda, fungua mlango wa tanuri, upishe hewa kwanza.

Povu la sabuni linatosha kutafutia uvujaji?

Kwenye regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la gesi) na mabomba ya nje, ndiyo, kisha ufute. Kwenye maungio ya kolamu, hapana: maji ya sabuni hupenya na kuchafua mfumo, utasumbuka na vilele vya ajabu kwenye grafu ya matokeo siku nzima. Hapo tumia kipimo cha elektroniki kinachotambua haidrojeni. Usitegemee macho, mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana.

Naweza kutumia mpira wa plastiki kutoka kwenye silinda?

Usitumie. Oksijeni na unyevu hupenya plastiki na kuharibu kolamu, na moto ukitokea mpira huyeyuka. Weka bomba safi la chuma kisichoshika kutu. Regyuleta iwe ya haidrojeni. Isipoingia kwenye silinda, usilazimishe kwa kiunganishi.

Sampuli zangu ziko kwenye diklorometheni. Kuna shida?

Ipo. Kwenye kiingizio, yaani sehemu sampuli inapoingilia, chenye joto kali, haidrojeni inaweza kuitikia na kiyeyusho hicho ikazaa asidi ya haidrokloriki, inayokula kiingizio na kolamu. Badilisha kiyeyusho kama njia ya kipimo inaruhusu. Isiporuhusu, shusha joto la kiingizio, au bebea sampuli kwa heli.