Kijiji chetu kimekuwa mji mdogo, sasa niende kwa nani?

Swali: Shikamoo mama. Kijiji chetu kimeingizwa kwenye mamlaka ya mji mdogo. Nataka kumkatia mdogo wangu kipande cha shamba tulilorithi kwa baba. Nikamtafuta mwenyekiti wa kijiji, naambiwa cheo hicho hakipo tena. Je, sisi sasa ni watu wa mjini au wa kijijini? Na shamba bado ni letu?
*Msomaji, Kanda ya Ziwa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Shamba bado ni lenu. Naanza na hilo kwa sababu nikiwa mtendaji wa kijiji niliona watu wakiuza kwa bei ya kutupa, kisa wameambiwa mji unakuja watanyang'anywa. Haki ya kimila ya kumiliki ardhi haifi kwa eneo kupandishwa hadhi, na Serikali ikitwaa ardhi, sheria ya ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Mji mdogo uko katikati. Bado mko chini ya halmashauri ya wilaya, kama Katoro ilivyo chini ya Geita na Mirerani chini ya Simanjiro. Hamjawa halmashauri ya mji, hatua waliyofikia Tunduma na Makambako.

Kilichoondoka ni kijiji chenyewe: halmashauri yake ya wajumbe 15 hadi 25, na mkutano mkuu ambako kila mkazi aliyetimiza miaka 18 alikuwa na sauti. Hili la mkutano mkuu linaniuma. Pale bibi asiyejua kusoma alikuwa anasimama kuuliza hela za zahanati zimekwenda wapi, nami nafungua daftari mbele ya watu wote na kumjibu.

Mlichobakiwa nacho ni kitongoji, kishikeni. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024 wenzenu wa vijijini walipiga kura ya mwenyekiti wa kijiji. Kwenye miji midogo watu walichagua wenyeviti wa vitongoji na kamati zao. Wenyeviti hao ndio wanaoingia kwenye baraza la mji mdogo. Shughuli za kila siku anazo afisa mtendaji wa mji mdogo.

Kuhusu kipande cha mdogo wako, msikubali karatasi yenye muhuri wa kijiji kisichokuwepo, hata anayeugonga awe mzee mnayemheshimu. Muiteni mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote waone mipaka. Kisha nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya mkaulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji, maana huenda barabara imepitishwa humo humo. Likipimwa mtaomba hati, na mkiipata mtalipa kodi ya pango kila mwaka.

Lakini umesema mmelirithi. Je, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama? Kama bado, usikate hata hatua moja. Waite ndugu zako wote, wa kike kwa wa kiume, mfungue mirathi kwanza.