Tunu za msingi za huduma ya wanafunzi: anzeni na ratiba na daftari la fedha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mleta uzi anasema uongozi mpya wa huduma yao ya wanafunzi hapa Dodoma umeandika tunu saba, zikiwemo upendo, umoja, maombi na uadilifu. Zimebandikwa, zimesomwa ibadani, na hakuna kilichobadilika. Anauliza wamekosea wapi.

Ndugu, maneno hayo ni mazuri, ila hakuna Mkristo atakayeyapinga, na hapo ndipo penye tatizo. Tunu huonekana pale inapowafanya mkatae jambo ambalo nalo ni jema. Kama mmeandika "maombi" na hamjui mtaacha nini ili muombe, hamjaamua kitu bado.

Tenganisheni pia karatasi zenu. Tamko la imani linasema mnaamini nini, dhamira inasema mpo chuoni kufanya nini, tunu zinasema mtaamuaje mambo yakigongana. "Tunaamini Biblia ni Neno la Mungu" ni tamko la imani. Tunu yake ni "Neno kwanza", na ishuke hadi kwenye saa: ibada ya katikati ya wiki ina dakika 40 za kifungu kimoja, matangazo dakika 5, na muda ukibana zinapunguzwa nyimbo, Neno linabaki.

Kikao chenyewe kinahitaji Jumamosi moja na watu 10 hadi 15: viongozi wanaotoka, wanaoingia, mlezi, na wawili watatu wa mwaka wa kwanza wasio na cheo. Msiwaache hao wa mwaka wa kwanza, kwa sababu wao wanaona mlivyo kabla hawajazoea. Njooni na ratiba ya semesta mbili zilizopita, daftari la mapato na matumizi, na mihutasari ya vikao. Saa ya kwanza asitajwe mtu tunu. Kila mmoja aandike maamuzi matano magumu ya mwaka huo, kila moja kwenye kipande chake, na pembeni aandike: tulilinda nini, tuliacha nini. Bandikeni kwenye karatasi za manila, yanayofanana yakae pamoja. Kisha fungueni daftari la fedha. Kama nusu ya mapato ilikodi vyombo vya muziki, na kutembelea wagonjwa hakuna hata mstari mmoja, basi "kujaliana" bado ni tamanio. Liwekeeni fungu kwenye bajeti kwanza, ndipo mliandike.

Tunu zisizidi sita, nne zinatosha. Kila moja iwe na andiko, matendo mawili au matatu yanayoonekana kwa macho, na sentensi moja inayoanza na "hatutafanya". Watu wengi huiruka hiyo ya mwisho kwa kuona ni kali, lakini ndiyo itakayowasaidia siku ya mvutano.

Chukulieni "uwazi wa fedha", 2 Wakorintho 8:20-21. Sadaka inahesabiwa palepale ukumbini na watu watatu, mhazini akiwa mmoja wao tu. Noti zinapangwa kwa thamani, sarafu mwisho, jumla inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wanasaini, na taarifa inaingia kwenye kundi la WhatsApp kabla watu hawajafika hosteli. Hatutafanya: hatutapokea michango ya misheni kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hapa hakuna anayeitwa mwizi. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) likichelewa, mwanafunzi mwenye njaa aliyeshika fedha ya huduma kwenye simu yake "atakopa" elfu kumi akitumaini kurudisha wiki ijayo. Kumuepusha na jaribu hilo ni upendo kwake.

Au tunu ya masomo. Katibu akusanye ratiba za testi za kila ndaki (kitengo cha masomo chuoni) kabla ya kupanga semesta, maana hazifanani. Hatutafanya mkesha ndani ya wiki mbili kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa semesta). Aliyekamata sapu (mtihani wa marudio) apunguziwe majukumu mapema, asisubiriwe mpaka adisko, yaani aondolewe chuo. Na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ilivyotawanyika, kikao cha saa 12 jioni upande mmoja ni nauli na giza kwa dada anayelala upande mwingine. Hilo nalo ni suala la tunu.

Umoja huvunjikia kwenye mambo machache yanayojulikana: ubatizo, kunena kwa lugha, mavazi ya dada, nani ashike kipaza sauti. Mna Waanglikana, KKKT, TAG, Wamoraviani, AIC. Barua ya mwaliko imweleze mhubiri mgeni kwamba yale ambayo madhehebu yanatofautiana hayafundishwi kama sharti la wokovu. Mkimwambia akiwa tayari madhabahuni, mmechelewa.

Kwa misheni za Bahi na Chamwino, andikeni "kuheshimu kanisa la mahali". Nendeni kwa mwaliko, msiende msimu ambao watu wako shambani, tafuteni wa kutafsiri Kigogo kwa ajili ya wazee, na kabla ya safari mkubaliane na mchungaji nani atawafuatilia waliompokea Kristo. Mkiondoka na majina kwenye daftari lenu, watu wale wanabaki bila mtu.

Mkimaliza rasimu, ijaribuni kwa kisa. Mgombea wa serikali ya wanafunzi anatoa laki tatu za spika, anaomba dakika 10 za kusalimia ibadani. Wapeni watu watatu rasimu hiyo, kila mmoja ajibu peke yake. Wakitofautiana, rudini mezani.

Shahada nyingi ni miaka mitatu, kwa hiyo baada ya miaka mitatu karibu wanafunzi wote mliokaa kikao hicho mtakuwa mmeondoka. Majina ya tunu yaingie kwenye katiba, matendo yake yakae kwenye mwongozo unaopitiwa kila makabidhiano, kiongozi anayetoka akimsomea anayeingia mstari kwa mstari. Wa mwaka wa kwanza wataanza kuzisoma siku wanaposhuka stendi ya Nanenane na mabegi: nani amekuja kuwapokea, na je, amewauliza dhehebu lao kabla ya kuwauliza kama wamekula?

Mleta uzi, weka hapa hizo saba zenu, kila moja na "hatutafanya" yake, tuzipitie moja moja.