Krismasi ushago bila pombe: jibu kwa ndugu anayeenda Vihiga

Ndugu yangu, umesema umeacha pombe tangu Septemba, unakaa Nakuru, na tarehe 23 unapanda gari kwenda kwenu Vihiga. Unauliza utazipitaje baa za Mbale. Mimi ni wa Kakamega, Krismasi kadhaa nimezimaliza mkavu, na nakwambia baa si shida yako. Baa unaipita tu. Shida iko bomani.

Siku chache kabla ya sikukuu utaanza kunusa ule unga uliochachuka wa busaa, pombe yetu ya kienyeji, ukikaangwa juu ya bati, kisha unaanikwa juani. Mimi harufu hiyo ikianza natafuta safari: nabeba mahindi kwenda kusaga, naenda kuona ng'ombe wa mjomba, popote. Unga huo utatiwa maji na kimea cha wimbi, na siku yenyewe chungu kitawekwa katikati ya wazee, mirija mirefu imeingia kutoka kila upande, kijana akiongeza maji moto. Hapo ndipo pagumu. Ukinyooshewa mrija ukakataa, wanaona umewakataa wao. Na usidanganywe na ile hadithi kwamba busaa ni chakula. Ugali pia ni unga, na sijaona aliyekula ugali akalala mtaroni.

Kilichonisaidia ni kuwaona wazee mapema, kabla chungu hakijaja, na mkono mtupu haulambwi. Mtoto wa mjini anadaiwa kitu cha wazee, hilo halina mjadala. Ukitoa pesa unajua zinakoenda, na aliyelipa ndiye wa kwanza kuitwa aonje. Kwa hiyo nanunua sukari, majani chai na mkate, nampelekea baba mkubwa, kisha namwambia pembeni: "Baba, hiyo kitu niliiacha, nisaidie." Mimi kama mimi nikikataa naambiwa najidai. Yeye akisema "mwacheni huyo," maneno yanaishia hapo.

Halafu jipe kazi. Mimi ni mtu wa nyama: nachinja, nachoma, nagawa. Kula ushibe kabla ya saa kumi, soda isikutoke mkononi, na giza likiingia ondoka. Usiku ndio vijana huleta chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na hakuna ajuaye imetiwa nini. Yenye methanoli inapofusha, inaua.

Sasa yule mwingine aliyeandika hapa kwamba bado anakunywa kila siku, ila atakata ghafla tarehe 24 asiaibike kwa wakwe: tafadhali usifanye hivyo. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla hutetemeka na kutoa jasho, na ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kushikwa na kifafa. Wengine baadaye huchanganyikiwa wakaona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Nenda hospitali kwanza, kuna dawa za kukuvusha. NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, piga hata leo.

Wewe wa Vihiga, hujasema utalala wapi. Una nyumba yako pale bomani, au utalala kwa ndugu yako anayekunywa? Kama ni kwa ndugu, tafuta shangazi akupe chumba kabla hujasafiri.