Ufito wa hema ukivunjika mlimani

Ukiwa unapanda Kilimanjaro na hema lako, au wewe ndiye unayesimamia mahema ya kundi zima, hakikisha kabla hujatoka Moshi kwamba kwenye mfuko wa fito kuna kipande cha mrija wa alumini cha kuvika ufito mahali palipovunjika, urefu wa sentimita 12 hivi. Ufito uingie ndani yake bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Fito za alumini za mahema mengi ya mlimani zina unene wa milimita 8.5 au 9, kwa hiyo mrija wenye tundu la milimita 9.5 au 10 unatosha. Mahema mengi mazuri huja nao tangu kiwandani, umefungwa pamoja na vigingi, na nimeona watu wakiutupa wakidhani ni kipande kilichosalia. Kama wako umepotea, kata kwenye mkono wa antena ya zamani ya televisheni, zile za alumini zilizokuwa zinawekwa juu ya paa. Nenda na ufito wenyewe ukajaribishie hapo hapo, kisha piga tupa ukingo uliokatwa usije ukachana turubai.

Watu husema upepo ndio umevunja hema. Mara nyingi upepo umemalizia kazi iliyoanza wakati wa kusimamisha. Ufito una pingili kama muwa, na kila pingili ina ncha nyembamba inayozama ndani ya mwenzake. Ncha ikizama yote, mpindo unabebwa na pingili zote mbili. Ikizama nusu, mzigo wote unaangukia mdomo wa ile pingili pana, nao unapasuka kwa urefu. Chukua ufito wowote uliotumika misimu kadhaa, upitishe kidole kwenye kila kiungo. Ukigusa ufa mwembamba ulioanzia ukingoni ukashuka chini, hapo ndipo patakapokatika, iwe leo au safari ijayo.

Ncha huchomoka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuvuta ufito wakati wa kuupitisha kwenye mfereji wa turubai au kuutoa. Usivute, sukuma. Ukivuta, pingili zinaachana humo ndani, halafu zinarudiana vibaya ukianza kuupinda. Ya pili ni vumbi. Msimu wa kiangazi, kuanzia uwanda wa Shira kwenda juu, vumbi la volkano linaingia kila mahali na kujaa kwenye viungo. Futa kila ncha kwa kitambaa kikavu kabla ya kuunganisha. Usipake mafuta, yatakusanya vumbi zaidi.

Sasa tuseme umevunjika. Nitaeleza kwa jinsi tulivyofanya jioni moja kambi ya Barafu, mita 4,673, kwa sababu hapo ndipo tatizo linakukuta pabaya kuliko kwingine kote: mwamba mtupu, upepo unapiga bila kizuizi, na wageni wanatakiwa walale saa chache tu kabla ya kuanza safari ya kileleni karibu na saa sita usiku. Mgumu mmoja, yaani mpagazi wa mlimani, alikuja mbio. "Kaka, hema la kule mwisho limelala." Ufito ulikuwa umekatika karibu na kiungo, na ncha moja kali ilishaanza kutoboa mfereji wa turubai.

Tulilegeza kwanza kamba zote za upepo upande ule, tukachomoa ncha mbili za ufito kwenye vitundu vyake vya chini, tukautoa taratibu huku mmoja ameshika pale palipokatika ili pasichane zaidi. Alumini ikikatika, midomo yake hufunguka na kutoa meno, na mrija hauwezi kupita juu yake. Kwa hiyo tuliibana kwa koleo, tukizungusha kidogo kidogo, mpaka ikarudi karibu na uduara wake. Mrija unaingizwa kuanzia mwisho wa ufito, unasogezwa pingili kwa pingili hadi uje ukae katikati kabisa ya jeraha, nusu huku na nusu huku. Lastiki inayopita ndani ya ufito na kushikanisha pingili haikatwi, iache ilivyo. Halafu unafunga tepu nene ya kitambaa, ile ya kijivu, pande zote mbili, nusu ya tepu ikae juu ya mrija na nusu juu ya ufito, ili mrija usitembee.

Tepu hiyo haishiki vizuri kwenye chuma chenye baridi na unyevu. Iweke ndani ya koti kwa muda, na ufute ufito hadi ukauke. Dakika chache hizo ndizo zinazoamua kama kazi itafika asubuhi.

Bila mrija, tumia vigingi. Vile vyenye umbo la V ni vizuri sana kwa sababu ufito unalala ndani ya mfereji wake. Weka viwili, kimoja kila upande, ukaze tepu kwa nguvu kuanzia mwisho mmoja hadi wa pili. Ukiwa na kopo tupu la soda, kata ukanda wa bati lake na uuzungushie mahali palipovunjika kabla ya kuweka vigingi, ili meno ya alumini yasile tepu. Na tafadhali usikate tawi porini. Huko ni hifadhi, kukata mimea hakuruhusiwi, na zaidi ya hapo tawi bichi linapinda vibaya na halina msaada.

Ufito uliopinda bila kuvunjika unahitaji utulivu. Ukiwa na mkunjo mpana uliotokana na kukaa miaka kwenye umbo la hema, uache. Haudhuru kitu. Lakini ukiona kona, mahali ambapo mrija umebonyea na kuwa bapa, usiulazimishe kunyooka. Aloi ya fito hizi ni ngumu, na ukiipinda na kuirudisha inapata nyufa. Vika mrija wa akiba juu ya ile kona ungali mzima.

Fito za faiba ni habari nyingine. Hazibonyei, zinapasuka kwa nyuzi, na nyuzi hizo zikikuingia kwenye kidole utajuta wiki nzima. Vaa glavu. Piga msasa, tia gundi ya epoksi, zungushia tepu, subiri ikauke. Nyumbani inafaa. Mlimani sizipendekezi kabisa.

Asubuhi kuna adui mwingine: unyevu ulioganda ndani ya viungo. Watu huanza kuzungusha na kunyonga, na hapo mdomo wa pingili unapasuka. Shikeni watu wawili, kila mmoja karibu na kiungo, viganja vipashe moto kidogo, kisha mvute kwa mstari ulionyooka. Kukunja kuanzie katikati ya ufito kwenda nje, ili lastiki isivutike upande mmoja.

Mkirudi Moshi, ule mrija na tepu vitoke. Vilikuwa vya kuokoa usiku, na pingili iliyovunjika lazima ibadilishwe. Usitupe fito za mahema yaliyochakaa, ndizo duka lako la vipuri, mradi unene na urefu wa pingili vilingane. Fungua ncha ya ufito, toa lastiki, panga pingili zote sakafuni kwa mpangilio wake na uziandike namba. Kama lastiki imechoka, weka mpya ya milimita 3, urefu wake uwe kama robo tatu ya ufito: ufito wa mita 4, lastiki ya mita 3. Uivute ndani kwa waya mwembamba wa kufungia. Ikibana kupita kiasi itakufa mapema, ikilegea pingili zitaachana.

Jambo ninalolisema kila safari, na nitaendelea kulisema, ni hili: hema la mgeni likivunjika, watu watano wanakimbia. Hema la wagumu likivunjika, wanalala na turubai limewagusa usoni, limelowa, halafu alfajiri wanabebeshwa mizigo ileile. Mahema yao ndiyo ya zamani zaidi, yana fito zilizotibiwa mara nyingi, na mara nyingi hayana mrija hata mmoja. Baridi ya Barafu ni ileile kwa wote. Siku ya kukagua vifaa, kabla gari halijaondoka, mwombe kiongozi wako afungue na mahema ya wagumu pia, fito zipitishwe kidole kiungo kwa kiungo kama za wageni, na kila mfuko uwekewe mrija wake. Yeyote anayelipia safari ana haki ya kuliomba hilo, na kwa mtu aliyejipanga ni kazi ya nusu saa.