Maswali ya Wasomaji: Bingwa wa Tenisi, Ushindi na Siku ya Kutundika Raketi

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu hotuba ambayo Roger Federer wa Uswisi aliitoa mwezi Juni 2024 mbele ya wahitimu wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, akiwa amekwisha kustaafu tenisi kwa karibu miaka miwili. Humo alizungumzia jitihada ambazo watazamaji hawazioni, namna ya kuipokea pointi iliyopotea, na maisha yaliyo mapana kuliko uwanja. Barua zilizotufikia zimezidi nafasi tuliyo nayo, nasi tumechagua nne ambazo zinaligusa jambo lenyewe kwa karibu zaidi.

SWALI: Mhariri, salaam. Mliandika kwamba Federer alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake za mmoja mmoja, lakini katika mechi hizo alipata asilimia 54 tu ya pointi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na wanafunzi wangu wamenibana niwaeleze namba hizi zinapatana vipi. Je, hapakuwa na kosa la uchapaji? — Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, hapakuwa na kosa. Namba hizo alizitaja Federer mwenyewe, na mechi anazozizungumzia ni 1,526. Ufumbuzi umo katika namna tenisi inavyohesabiwa. Pointi hazijumlishwi tangu mwanzo hadi mwisho kama magoli ya mpira wa miguu, bali hukusanywa katika gemu, gemu zikakusanywa katika seti, na kila gemu inapokwisha hesabu huanza upya. Aliyeshinda gemu kwa taabu baada ya kurudi sare mara tano, na aliyeishinda bila mpinzani wake kupata hata pointi moja, wote wawili huandikiwa gemu moja. Kwa sababu hiyo tofauti ndogo iliyopo kwenye pointi hukua kila hesabu inapopanda daraja.

Wape wanafunzi wako zoezi hili: wamchukue mchezaji mwenye uwezekano wa asilimia 54 wa kushinda kila pointi, waiweke kando kwa muda faida ya yule anayeanzisha mpira, kisha wakokotoe uwezekano wake wa kushinda gemu. Watapata karibu asilimia 60. Wakiendelea hadi seti wataona kwamba umevuka asilimia 75, na katika mechi ambayo mshindi ni wa kwanza kupata seti mbili, umevuka asilimia 80. Uwanjani mambo hayanyooki hivyo, kwa kuwa anayeanzisha mpira ana faida kubwa na wapinzani hawalingani, lakini zoezi hilo litawaonyesha kwamba bingwa hahitaji kumzidi mwenzake kwa mengi, ilimradi amzidi kidogo kila siku.

Mfumo huohuo unaweza kumgeuka mtu. Katika fainali ya mwaka 2019 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, Federer alipata pointi 218 na Novak Djokovic 204, na bado kombe likachukuliwa na Djokovic baada ya saa 4 na dakika 57, kwa sababu seti zote tatu ambazo Federer alizipoteza ziliamuliwa katika gemu ya kuvunja sare, yaani ile moja ya ziada inayochezwa gemu zikilingana. Katika seti ya tano alikuwa akiongoza gemu 8 kwa 7, mpira wa kuanzisha ukiwa mkononi mwake, naye akawa na nafasi mbili za kuimaliza mechi kwa pointi moja tu. Zote mbili zilimponyoka.

Ninaitaja fainali hiyo kwa sababu watu wengi wamelichukua neno lake katika hotuba ile, kwamba pointi ni pointi tu, kuwa ni la kuwaliwaza walioshindwa. Mimi ninaliona kuwa ni maelekezo ya kazi. Alieleza kwamba pointi inapochezwa lazima iwe jambo kubwa kuliko yote duniani, na ikishapita imepita, ili inayofuata ichezwe kwa akili nzima. Kanuni za mchezo humpa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Asiyeweza kuimaliza hasira yake ndani ya sekunde hizo huiingia pointi mpya akiwa bado anaicheza ya zamani, na mbele ya mpinzani wa daraja hilo hawezi kuzimudu zote mbili. Wala Federer hakuzaliwa na utulivu huo, kwani ujanani alijulikana kwa kurusha raketi na kujikaripia uwanjani, na ilimchukua miaka kuiacha tabia hiyo.

SWALI: Mhariri, binti yangu ana umri wa miaka 13 na anacheza tenisi kwa bidii. Akishindwa hulia mpaka usiku na chakula hakigusi. Baba yake ananiambia nimfundishe kwamba ushindi si kitu. Kocha wake anasema tumwache, kwani machozi ndiyo dalili ya bingwa. Nimsikilize nani? — Mama wa binti, Mombasa

JIBU: Mama, tafadhali usimwambie kwamba ushindi si kitu. Atajua kuwa si kweli, na utakuwa umempunguzia imani katika maneno yako ya baadaye. Sijui bingwa yeyote wa tenisi aliyeuona ushindi kuwa si kitu. Mwaka 2009 huko Melbourne, baada ya kushindwa na Rafael Nadal kwa seti tano katika fainali ya Australia, Federer alisimama kutoa shukrani akashindwa kuendelea kwa kulia, hadi Nadal akaja kumkumbatia. Alikuwa mtu mzima wa miaka 27 mwenye mataji makubwa 13, yaani ya mashindano manne yanayoongoza: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, alilitwaa taji la Ufaransa kwa mara ya kwanza maishani mwake, kisha akalirudisha mikononi mwake taji la Wimbledon ambalo Nadal alimnyang'anya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo neno la kocha nalo halijitoshelezi. Wanaolia baada ya kushindwa ni wengi mno, na karibu wote hawafiki popote. Kinachowatenganisha ni mazoezi ya asubuhi inayofuata. Hapo ndipo sehemu ya hotuba iliyonigusa kuliko zote inapohusika. Federer alisimulia kwamba watu walimsifu kana kwamba anacheza bila jasho, na sifa hiyo ilimkera, maana ilifuta kazi yote aliyoifanya mahali ambapo hapakuwa na mtazamaji. Akakumbuka jinsi mpinzani wake mmoja, katika mashindano ya Italia, alivyotamka hadharani kwamba Federer atapewa nafasi kubwa kwa saa mbili za mwanzo, na baada ya hapo nafasi itakuwa yake yeye mpinzani. Aliyataja maneno hayo kuwa ndiyo yaliyomwamsha. Alielewa kwamba kipaji chake kilikuwa na mpaka wa saa mbili, akaanza kufanya mazoezi ya nguvu kwa namna nyingine kabisa.

Kwa binti yako ningeshauri hivi: usiku wa kushindwa usiizungumzie mechi, na usimlazimishe kukauka machozi. Mweke karibu, mpe chakula akikitaka. Kesho yake muulize ni kitu gani kimoja alichokikosa ambacho mazoezi yanaweza kukitengeneza. Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo ameanza kujifunza mashindano, awe amelia au hakulia. Na kama atataka mfano wa karibu na nyumbani, msimulie habari za Angella Okutoyi, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa ya tenisi, aliposhinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi nilistaafu utumishi wa umma umri wa kisheria ulipotimia, na sikuwa na la kuchagua. Mwanamichezo hana sheria kama hiyo. Nawaona wengine wakiondoka wangali juu, na wengine wakibaki mpaka wanafungwa na vijana waliokuwa hawajazaliwa walipoanza kucheza. Kuondoka kupi ndiko kwenye heshima? — Mstaafu, Unguja

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Swali lako limetushughulisha kuliko mengine yote, nami nitakujibu kwa kuwatazama waliotangulia, kwa sababu katika tenisi kila mmoja ameondoka kwa njia yake.

Björn Borg wa Sweden alikuwa amekwisha kutwaa mataji makubwa 11, yakiwemo matano mfululizo ya Wimbledon, alipotangaza mwezi Januari 1983 kwamba anaacha. Alikuwa na miaka 26. Mwaka 1981 John McEnroe alimshinda katika fainali ya Wimbledon, kisha katika fainali ya Marekani, na mara hiyo ya pili Borg alitoka uwanjani bila kuhudhuria utoaji wa zawadi. Dunia ilidhani kwamba ameondoka wakati mwafaka. Mwaka 1991 akarejea kule Monte Carlo na raketi ya mbao, wakati wenzake wote walishahamia zana za kisasa, na katika jaribio hilo la kurejea, lililoendelea hadi 1993, hakushinda mechi rasmi hata moja. Simtaji ili kumdhalilisha. Namtaja kwa sababu kuondoka juu hakukumpa amani ambayo watu hudhani kwamba huja yenyewe kwa anayeondoka juu.

Ashleigh Barty wa Australia naye aliondoka mapema, mwezi Machi 2022, akiwa na miaka 25 na akiwa nambari moja duniani, wiki chache tu baada ya kulitwaa taji la nchi yake. Alieleza kwamba taji alilolitamani tangu utotoni lilikuwa la Wimbledon, naye alikwisha kulipata mwaka 2021, na kwamba ndani yake hakuiona tena ile nguvu ya kujisukuma ambayo kazi hiyo inaidai. Ikumbukwe kwamba alikwisha kuiacha tenisi mara moja kabla, mwaka 2014, akacheza kriketi ya kulipwa, kisha akarudi kwa hiari yake mwaka 2016. Nadhani ndiyo maana aliweza kuondoka bila kutetereka, kwani alishawahi kuishi bila tenisi na alijua jinsi maisha hayo yalivyo. Katika wote ninaowataja hapa, kuondoka kwake ndiko ninakokuheshimu zaidi.

Serena Williams hakuwa na chaguo la aina hiyo. Alitwaa taji la Australia mwaka 2017 akiwa mjamzito, akajifungua mwezi Septemba kwa taabu iliyohatarisha uhai wake, akarudi na kufika fainali nne kubwa bila kulipata taji lake kubwa la 24. Alipotangaza mwezi Agosti 2022 kwamba anajitoa ili kuikuza familia yake, alisema waziwazi kwamba kama angekuwa mwanamume asingelazimika kuchagua, kwa sababu mkewe ndiye angeibeba kazi hiyo ya mwili. Kila anayezungumzia heshima ya kustaafu michezo anapaswa kulisikiliza neno hilo, kwa sababu saa ya mwanamke mwanamichezo haiendi sawa na ya mwenzake wa kiume.

Sasa tumrudie Federer, ambaye kwa kipimo chako angehesabiwa miongoni mwa waliong'ang'ania. Mechi yake ya mwisho ya Wimbledon, mwaka 2021, alipoteza kwa Hubert Hurkacz, na seti ya mwisho ilikuwa 6 kwa 0. Baada ya hapo alipasuliwa goti kwa mara ya tatu katika kipindi kisichofika miaka miwili, na mwezi Septemba 2022, akiwa na miaka 41, akatangaza kwamba mwili umekataa. Siku ya kuaga, jijini London, aliomba kucheza wawili wawili upande mmoja na Nadal, mtu aliyemliza zaidi katika maisha yake ya uwanjani. Walishindwa na Jack Sock na Frances Tiafoe, na baadaye wote wawili walikaa kando ya uwanja wakilia.

Mzee, mimi sioni aibu katika ile sifuri ya Wimbledon. Mtu aliyepoteza karibu nusu ya pointi zake zote hakujifunza kustaafu siku aliyostaafu. Kila baada ya pointi alikuwa akifanya kazi ileile ya kuliacha lililopita na kulishika lililo mbele, nami naamini hiyo ndiyo sababu aliweza kuaga kwa kushindwa, mbele ya dunia nzima, bila kuhitaji kushinda kwanza. Kwa hiyo siwezi kukupa umri wala cheo cha kuondokea. Aliyebaki kwa sababu bado anaupenda mchezo, akajua kwamba atafungwa na vijana na akalikubali hilo, hajaikosa heshima yoyote. Ninayemwonea huruma ni yule anayebaki kwa hofu ya kuamka asubuhi akiwa si mtu tena, na hofu hiyo wewe na wastaafu wenzako wa ofisini mnaijua vizuri kuliko sisi ambao bado tuko kazini.

SWALI: Je, mabingwa hawa hufanya nini baada ya kuacha? Au hula akiba tu? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro

JIBU: Wengi wana akiba ya kutosha, lakini wachache hukaa bure. Martina Navratilova, aliyeacha mashindano ya mmoja mmoja mwaka 1994, alirejea katika mchezo wa wawili wawili, na mwaka 2006 akatwaa taji la Marekani la wachezaji mchanganyiko akiwa na Bob Bryan, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 50. Andre Agassi alikwisha kufungua shule Las Vegas mwaka 2001, miaka mitano kabla ya kustaafu. Federer, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha mfuko wake wa elimu mwaka 2003, mwaka uleule alioshinda Wimbledon kwa mara ya kwanza, na mfuko huo unasaidia elimu ya watoto wadogo katika nchi za kusini mwa Afrika, zikiwemo Malawi, Zambia na Zimbabwe. Mwezi Februari 2020 alicheza na Nadal mjini Cape Town kuuchangia, mbele ya watazamaji 51,954. Utaona kwamba Agassi na Federer walianza kazi ya pili wakati ya kwanza ingali inaendelea, jambo ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulifikiria anapochagua masomo yake.